Sura ya Nne: Jembe la Privatus

Pikipiki ya Alexander, mtaalamu wa mipango aliyepotea, ilisimama nyuma ya kituo, Bukoba mjini, kando ya gari bovu ambalo majani yalishaanza kulimeza. Ilikuwa imeokotwa bandarini Kemondo, haina hata mkwaruzo, ufunguo uko mahali pake. Kwa wengi pale kituoni hadithi iliishia hapo: mtaalamu kapanda boti, kavuka, kakimbia mambo yake. Wengine walimpeleka Uganda, wengine visiwani, na koplo mmoja mwenye mdomo mpana alikuwa ameshamtafutia na mwanamke wa kukimbia naye.

Koplo huyo ni Mustapha, dereva na msaidizi wa Inspekta Judica Kahangwa. Mtu wa Tabora, mwema kabisa, isipokuwa anapofungua kinywa.

“Mustapha,” Judica alisema bila kugeuka, “mke wake amekaa hapo nyuma yako.”

Mustapha aligeuka, akamwona mwanamke kwenye benchi, mkoba mapajani. Akatamani ardhi ipasuke.

“Mwache aseme, afande,” alisema Dativa. “Sokoni nasikia mabaya kuliko hayo. Sikuja kulia. Nina swali moja tu.”

“Uliza, mdogo wangu.”

“Nikae matanga au nisubiri?”

Judica alikuwa ameulizwa maswali mengi katika kazi hii, na mengi alikuwa na namna ya kuyakwepa. Hili, hapana.

“Kule Buhembe majirani hawajui wanipe pole au wanipite kimya,” Dativa aliendelea. “Nikijifunga kitambaa cheusi, namchuria mume wangu mzima. Nisipojifunga, na kumbe amelala mahali baridi hana hata mtu mmoja wa kumlilia, nitajisamehe vipi? Wanaosema kakimbia na waseme. Mimi nataka kujua nikirudi nyumbani leo nifanye lipi.”

Judica alipanda ile pikipiki. Alikuwa mfupi, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini. Akashika usukani kama mtu anayetaka kuondoka, akatazama kioo cha kulia. Aliona mawingu. Akatazama cha kushoto, akaona mawingu na ncha ya bati la kituo.

“Mumeo ni mrefu?”

“Alexander?” Dativa nusura atabasamu. “Sawa na wewe. Kazini walimwita Kafupi.”

“Na hivi vioo, anaviacha hovyo namna hii?”

“Thubutu! Mtoto akigusa kioo cha pikipiki yake, nyumba nzima tunaitwa kutoa ushahidi.”

“Mustapha, panda wewe.”

Mustapha akapanda. Alitazama vioo, akanyoosha shingo, mwishowe akainuka kidogo juu ya kiti. “Hapa ndiyo naona barabara, afande. Nikikaa naona mbingu.”

“Basi aliyeipeleka Kemondo ni mrefu kuliko wewe,” Judica alisema. “Alivirekebisha vioo vimfae njiani, akasahau kuvirudisha. Alexander hakuvuka ziwa. Hata Kemondo hakufika.”

Dativa alisikia yote. Akakunja mikono yake juu ya mkoba. “Hilo bado si jibu la swali langu, afande.”

“Bado. Leo hii nitakupigia. Mimi mwenyewe, si mtu mwingine.”

Mambo yalikuwa hivi. Kuna kilima kinaitwa Nyaruhembe, ukiipita Kemondo kuelekea Muleba, chote vibanja vya ndizi na kahawa. Kampuni moja, Vilima Saba, ilitaka kilima hicho kibadilishwe matumizi, kitoke kwenye kilimo kiwe makazi, zijengwe nyumba mia kadhaa. Kabla madiwani hawajakubali, ilibidi mtu asiye na upande aende aone kama shule, zahanati, barabara na maji ya pale vitawabeba watu wote hao. Mtu huyo alikuwa Alexander. Aliondoka nyumbani asubuhi ya kawaida, amekula kiporo cha ndizi na maharage, na sasa ilikuwa wiki ya pili. Kikao cha madiwani kilikuwa kesho. Kwa kuwa taarifa yake haikuwepo, wangetegemea walichokiona wenyewe siku kamati yao ilipotembelea kilima: chemchemi inabubujika hadi raha.

Kwa hiyo Judica alipanda gari na Mustapha, wakaenda kumfuata Alexander hatua kwa hatua, mahali alipoingia waingie, alipouliza waulize.

Shuleni, mwalimu mkuu aliwaonyesha vyoo Alexander alivyovikagua, na watoto wanaokuja kila mmoja na kidumu chake cha maji kutoka chemchemi. Zahanati waliwakuta wagonjwa wachache barazani na muuguzi mmoja, Joviana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Aliwaingiza chumba cha dawa na kufunga mlango.

“Alifika hapa mchana,” alisema. “Akauliza vitanda, akauliza akina mama wanaojifungua. Mwisho akauliza maji tunachota wapi, nikamwonyesha pale bondeni. Akacheka, kicheko cha mtu asiyefurahi. Akaniambia, ‘Sista, na shuleni wamenionyesha palepale.’”

“Chemchemi moja kwa wote,” alisema Judica.

“Moja. Na tangu lile tetemeko la ardhi inatoa kama mtoto anayekojoa. Tunapanga foleni za ndoo hadi tunagombana.”

“Lakini kamati iliona inabubujika.”

“Hata mimi niliona! Tulipiga vigelegele, afande. Wazee wakasema watu wa ile nyumba wameturudishia maji.”

“Nyumba ipi?”

Joviana alielekeza kwa midomo, dirishani, juu ya bonde, ambako migomba mikuukuu ilikuwa imesongamana.

“Kwa marehemu Rwegasira, kaka yake mzee wetu, Ta Privatus. Ugonjwa uliwamaliza nyumba nzima, miaka ile, mimi bado niko shule ya msingi. Pamebaki hame, hakai mtu. Ta Privatus ndiye anayepatunza, maana makaburi yao yamo mlemle kibanjani. Na mzee yule ni mkulima, usione! Kibanja chake mwaga mchele uokote.” Akashusha sauti. “Sasa kabla kamati haijaja, nyumba ilianza kukoroma.”

Mustapha aliacha kuegemea kabati. “Kukoroma?”

“Kama mtu mwenye maji kifuani. Tena mchana kweupe. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa uleule, sauti ile naijua. Watu wakaiacha ile njia. Nami sipiti.”

Hakuna aliyecheka. Judica naye aliijua sauti hiyo. Kwao Kanazi palikuwa na nyumba ya shangazi zake, madirisha yamezibwa kwa matofali, na hadi leo akienda Krismasi hupitia upande wa pili wa migomba. Hakulisema hapo, alikuwa kazini.

“Siku ya kamati, yale maji mliyanywa?” aliuliza.

“Nilipika chai. Ikanuka dagaa.” Joviana alikunja uso kana kwamba bado ilikuwa mdomoni. “Nikadhani sufuria haikuoshwa. Nilipomsimulia Alexander, akaweka kikombe chini na kutoka. Hata kuaga hakuaga. Nikasema, huyu naye kalelewa wapi?”

“Maji ya ziwa,” alisema Mustapha.

“Ngoja,” alisema Judica. “Kampuni ina gari la maji?”

“Lipo, la kumwagilia barabara isitimue vumbi. Siku zile lilikuwa linapanda kila asubuhi, na mvua imenyesha, matope mpaka hapa! Tulicheka mpaka mbavu zikauma.”

Judica hakucheka. Alisimama, kisha akauliza lile swali ambalo kwa muuguzi wa kijiji ni kama salamu. “Misiba je, huku?”

“Mungu katupumzisha, afande. Tangu mvua zianze, hakuna hata kilio kimoja.”

Walipofika chemchemi walimkuta mtu amewatangulia. Gari la kampuni lilikuwa limeegeshwa juu ya njia, na mwenye gari amesimama kwenye mawe, viatu vinang'aa. Alikuwa mrefu wa kuinama milangoni. Josia, msimamizi wa Vilima Saba. Jina la Kihaya alikuwa nalo, ukoo pia, lakini alikulia Dar es Salaam na kilima alikijua kwa likizo za Krismasi.

“Inspekta! Nimesikia mpo, nikasema nije niwasaidie.”

“Asante. Alexander ulimwona lini mara ya mwisho?”

“Siku ileile. Alimaliza kazi, akafurahi, akaniambia huduma zinatosha. Akapanda pikipiki yake akaelekea Kemondo.”

“Ulimwona akielekea Kemondo.”

“Kwa macho yangu.”

“Na maji haya yalimtosha?”

Wote watatu walitazama chini. Maji yalitiririka jiweni kwa uzi mwembamba, na ndoo iliyoachwa hapo ilikuwa bado haijafika nusu.

“Yana majira yake,” alisema Josia. “Leo yamepungua.”

“Mvua ikinyesha yanapungua?”

Josia alitabasamu. “Mimi si mhandisi, Inspekta.”

Judica aliliacha hilo likae. Alizunguka nyuma ya jiwe. Hapo mlima ulipanda mkali kuelekea lile hame, majani matupu, hakuna mgomba hata mmoja mpaka juu kabisa. Hata hivyo majani makavu ya migomba yalikuwa yametandazwa juu ya ardhi, mstari mwembamba ulionyooka, kutoka nyuma ya jiwe kwenda juu. Mkulima hutandaza majani shinani mwa mgomba, kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Huyu alitandazia nini?

“Mustapha, nenda pale kwa mzee, kibanja cha kwanza. Azima jembe.”

Mustapha alipanda. Josia akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Jasho lilimtoka ingawa hapakuwa na jua. Judica akasimama kati yake na njia ya kurudi kwenye gari, akaanza kumuuliza habari za Dar es Salaam, foleni, joto, hata mpira, mpaka Mustapha aliporudi mikono mitupu.

“Kakataa, afande.”

“Hana jembe?”

“Analo! Nimeliona kwa macho yangu, limechomekwa juu kwenye paa la jiko, tena buibui ameshatanda. Nikamwomba kwa heshima zote. Akaniambia halishuki. Basi. Halishuki.”

Josia alicheka, akapumua kwa mara ya kwanza. “Wazee wa huku wavivu, Inspekta. Wamekaa wanangoja fidia.”

Judica alitazama juu. Kutoka pale bondeni kibanja cha Privatus kilionekana vizuri. Mwaga mchele uokote, alisema Joviana. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Mvua ya vuli imenyesha, dunia nzima inalima, na mkulima hodari kuliko wote kilimani amepandisha jembe juu ya paa.

Mtu wa Tabora angeuona uvivu, na kijana wa Dar es Salaam vilevile. Judica alizaliwa Kanazi. Alikumbuka babu yake mzaa baba akipandisha jembe namna ileile, juu ya jiko, watoto wakikatazwa hata kuligusa. Kwao kuna jambo moja tu linalomfanya mtu aache kibanja chake kimezwe katikati ya mvua. Ukiwa na maiti hulimi. Hulimi mpaka ndugu wa marehemu waje waanue matanga, hata kama magugu yatakufunika wewe mwenyewe. Na muuguzi anasema tangu mvua zianze hapajakuwa na kilio.

Akautazama tena ule mstari wa majani.

“Mustapha,” alisema taratibu, “kaa hapa na ndugu yetu Josia. Muongee. Asichoke kunisubiri.”

Mustapha alikuwa na kasoro zake lakini hiyo lugha aliielewa. Alinyoosha mkono. “Ufunguo wa gari lako, kaka. Nikushikie, usije ukadondoka kwenye maji.”

Judica alipanda peke yake, akiufuata ule mstari wa majani makavu. Kila alipokanyaga alihisi kitu kigumu cha mviringo chini ya unyayo. Migomba ya hame ilimpokea kwa kivuli kizito. Hapo ndipo alipoisikia nyumba. Ilivuta pumzi ndefu, ikakwama, ikabubujika kifuani, ikanyamaza. Alisimama. Alitaka kurudi, tuseme ukweli. Alikuwa na bastola kiunoni na miaka mingi ya kazi, na alitaka kurudi kama mtoto aliyetumwa kuchota maji akasikia kitu. Ikavuta tena. Akaenda.

Mzee alikuwa ameshatoka kwake, ameketi kizingitini mwa nyumba ya kaka yake, ndevu hazijanyolewa, shati moja ambalo lilishachoka. Hakushtuka.

“Karibu, waitu, mwanangu. Wewe ni wa nani?”

“Wa Kahangwa wa Kanazi, Ta Privatus.”

“Kahangwa mwalimu? Wa Walutheri?”

“Babu yangu.”

“Alikuwa mtu mzuri.” Privatus alisogea kumpisha. Hakusema lolote juu ya kahawa, na mgeni akifika nyumba ya Mhaya kahawa ya kutafuna hutangulia maneno. Judica aliliona na hilo.

“Naomba niingie.”

“Ingia. Wote wameingia.”

Ndani palikuwa na giza. Sebule nzima ilijaa tenki jeusi la plastiki, kubwa kupita kimo cha mtu, na bomba nene lilitoka chini yake likapita kwenye tundu la ukuta. Lilibaki na maji kidogo. Hewa ilipopanda kwenye bomba kutoka bondeni, lilikoroma, kuta za udongo zikaitikia. Hapo ndipo maji ya ziwa, yaliyopandishwa na lile gari la kampuni, yalipolala, yakafunguliwa siku ya kamati na kumwagika nyuma ya jiwe mbele ya madiwani. Kwa hiyo wafu wa nyumba hii hawakurudisha maji. Judica alipaswa kufurahi, lakini macho yake yalikuwa chini.

Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi. Nyasi mbichi za rweya, zile za uwandani, zimekatwa leo au jana, zimepangwa vizuri kuzunguka tenki lote mpaka pembe za chumba. Upande wa ukuta zilikuwa zimelaliwa, umbo la mtu mmoja. Nyasi hizo hutandikwa msibani, waombolezaji walalie, na nyumba hii haikuwa imetandikwa tangu mazishi ya mwisho, Joviana akiwa mtoto.

“Umetandika wewe?”

“Mimi.”

“Na jembe umelipandisha wewe.”

Tenki likavuta pumzi.

Judica alivua viatu. Akaketi chini, juu ya nyasi, miguu ameikunja upande mmoja, kama mwanamke aliyekuja msibani, maana ndivyo alivyokuwa.

“Ta Privatus, nimekuja kutoa pole,” alisema. “Nani amefariki hapa?”

Mzee akalia. Alilia kwa sauti, bila kuficha uso, kilio ambacho alikuwa amekimeza siku zote hizo asisikike bondeni, na Judica akamwacha alie, naye macho yakamjaa.

“Simjui ukoo wake,” Privatus alisema mwishowe. “Nalijua jina la ubatizo tu. Alexander.”

“Nieleze.”

“Alipita kwangu kwanza. Nikampa kahawa. Akatafuna, akanisifia kibanja. Akaniuliza bomba linakwenda wapi, nikashindwa kumdanganya mtu aliyetafuna kahawa yangu, nikamwambia. Akaingia humu, akapanda juu ya tenki aone ndani. Josia akaja. Wakazozana. Alexander akasema, ‘Watu wote wale mtawaleta wanywe nini?’ Akataka kushuka akaseme. Josia akamshika mguu akamvuta.” Alielekeza kidole kwenye mawe ya jiko la zamani, kwenye kona. “Akaangukia pale. Shingo. Hakusema tena.”

“Wewe ulikuwa wapi?”

“Hapo mlangoni ulipoingilia. Nilisimama tu. Mimi ni mtu mzima, nilisimama tu.”

“Kwa nini uliwaruhusu kuweka tenki kwenye nyumba ya kaka yako?”

“Walisema nyumba zikijengwa, makaburi yote yatahamishwa. Josia akasema nikiwapa nyumba mpaka kamati ipite, makaburi ya kwetu yatazungushiwa ukuta, hayataguswa. Kaka yangu, mkewe, watoto. Nimewazika mimi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Niwafukue niwapeleke wapi?” Alijifuta kwa mkono wa shati. “Josia akachukua pikipiki. Akaniambia huyu nimtupe kwenye shimo la choo cha zamani, nifukie. Chooni! Mtu aliyetafuna kahawa yangu! Nikaitikia ndiyo, maana nilimwogopa. Alipoondoka nikamwosha.”

“Umemzika.”

“Njoo.”

Walitoka nyuma. Makaburi ya kina Rwegasira yalikuwa chini ya migomba, kila moja na mramba wake kichwani, ile miti myembamba wanayopanda mipakani na makaburini, mirefu sasa kupita nyumba. Mwisho wa safu palikuwa na kitawi kimoja kipya cha mramba, kimechomekwa kwenye udongo uliolainishwa kwa mikono. Majani yake mawili yalikuwa yamenyauka, na moja jipya lilikuwa linachomoza.

“Nimemlaza na watu,” alisema Privatus. “Nikatandika nyasi, nikalala msibani. Siku za matanga zikaisha. Lakini matanga ya mtu yanaanuliwa na ndugu zake, mimi si ndugu yake. Nitashushaje jembe? Kila asubuhi nakata nyasi mpya, nasema labda leo watakuja.”

Mtu huyu angenyamaza, angelima kibanja chake kama kawaida, hata mbwa wa polisi asingemfikia. Judica alilifikiria hilo akiutazama ule mramba, na hasira aliyokuwa amepanda nayo ikamwendea Josia peke yake. Akatoa simu.

“Mustapha, huyo mrefu ni wa kwetu. Mtie pingu. Kisha piga kituoni waje na daktari, na mmoja aende kwa madiwani aseme kikao cha kesho kina maiti ndani yake.”

“Nimeshamtia, afande. Alijaribu mbio na vile viatu vyake, kateleza kwenye chemchemi. Kalowa.” Akasita. “Umempata?”

“Nimempata.”

Mustapha alianza kusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akaghairi.

“Nami nitafungwa?” aliuliza Privatus.

“Utakuja na mimi. Uliyoyaona utamwambia hakimu, na uliyoyaficha utamwambia vilevile. Siwezi kukuahidi lolote.”

“Sawa. Ni haki.” Aligeuka kutazama magugu, kibanja chake chote, na uso wake ukawa wa mkulima tena kwa kitambo kidogo. “Ana mke?”

“Anaye.”

“Anajua?”

Judica alikuwa ameahidi. Akabonyeza namba, na simu ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

“Dativa, ni Judica.”

“Ndiyo, afande.” Nyuma yake redio ya jirani ilikuwa inaimba, na kuku walikuwa wanagombana.

“Umesimama au umekaa?”

“Nimesimama. Nilikuwa nafagia.”

“Uliniuliza swali asubuhi. Kaa, mdogo wangu. Kaa chini. Amezikwa vizuri, ameoshwa, na amelaliwa msiba. Kaa sasa.”

Mtu akaizima redio, na kutoka Buhembe, kupitia kile kisimu kidogo, kilio kikaja kikajaza kibanja cha marehemu Rwegasira, na sauti nyingine za wanawake zikaingia moja baada ya nyingine, majirani ambao hatimaye walijua la kufanya.

Privatus alikisikia. Akavua kofia, akaketi palepale chini, kando ya ule mramba mpya.

“Asante, waitu,” alisema. “Nimekuwa peke yangu siku nyingi.”